Kikombe cha Kwanza cha Muratina

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, pale kwetu Yamumbi, karibu na Eldoret, nilijua kwamba kikombe cha kwanza cha muratina si cha mtu aliye hai. Humwagwa chini, kwa waliotutangulia, na anayemwaga ni mzee. Wafu wakishapata chao ndipo wazee wanywe, na baada ya wazee, wakikumbukwa, wanawake. Anayeonja kabla ya hapo, nyanya yetu Shosho alituambia, amekaa meza moja na wafu, na wafu huwa hawana haraka ya kumwachilia mgeni aende kwao.

Nacheka nikiandika haya, lakini kicheko chenyewe hakifiki mbali. Mwaka jana nilikaa kwenye kiti cha plastiki hospitalini nikaambiwa nina kansa ya titi. Mungu anisamehe, sikuwaza watoto wangu kwanza, wala mume wangu. Niliwaza kikombe cha bati chenye maua ya buluu.

Muratina, kwa asiyeijua, ni pombe yetu sisi Wakikuyu, ya asali na maji, na ndani yake hutiwa tunda kavu la mti wenye jina hilo hilo. Inakaa ndani ya kibuyu kikubwa karibu na moto, imefunikwa blanketi, mpaka iive. Inataka joto, tena joto lisilokatika, na baridi ya Eldoret mnaijua. Kwa hivyo mpishi wake hulala hapo hapo jikoni akiilinda, na mtu mwingine haingii ovyo.

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa, mwezi wa saba, baba mdogo alikuwa anaenda Moi's Bridge kuposa. Mbuzi walikuwepo, soda zilikuwepo, lakini bila muratina wazee wa upande ule wangeuliza kama tumekuja kuomba msichana au kuomba maji ya kunywa. Shosho, ambaye ni mama yake baba, akamwita Mzee Gacheru, aliyekuwa anajulikana Yamumbi nzima kwa mkono wake wa pombe. Akaja na kibuyu chake na blanketi lake, akafanya jiko letu la nje kuwa kwake.

Wiki hiyo hiyo Mami, mama yangu, alirudi kutoka hospitali na barua iliyokunjwa mara nne. Siku hizo kansa haikutajwa kwa jina. Watu walisema "ule ugonjwa" na kushusha sauti. Baba alikuwa dereva wa lori, yuko safarini wiki baada ya wiki, kwa hivyo habari ilimfikia Shosho kwanza. Hakupiga nduru. Alimpikia Mami uji, akakaa kando yake mpaka ukaisha. Hilo nililiona kwa macho yangu, na ningelikumbuka mapema labda ningefanya mambo mengine tofauti.

Mimi ni mtoto wa kwanza, kwa hivyo kwa mila yetu jina langu, Wanjiku, ni la Shosho. Mami alipenda kunitania kwa sababu hiyo. Akitaka nioshe vyombo ananiita mama mkwe. "Mama mkwe, hizo sufuria zinakungoja." Basi alasiri moja nilikuwa nafanya hesabu za shule kwenye kitanda chake, Shosho ameenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama, Mzee Gacheru ametoka kwenda barabarani kununua ugoro. Mami akaniambia polepole:

"Mama mkwe, nenda unichotee muratina. Kikombe kimoja tu."

Nikamwambia haijamwagwa. Nilishtuka kwamba alihitaji kuambiwa.

"Najua haijamwagwa," akasema. "Tangu nitoke hospitali kila kitu mdomoni kina ladha ya dawa. Nataka kuonja asali."

Babake alikuwa mpishi wa muratina, na yeye alipokuwa msichana alikuwa anaruhusiwa kulamba mwiko wa asali. Aliwahi kunisimulia hayo mara nyingi akicheka. Siku hiyo hakucheka, na mimi nikaenda.

Jikoni kulikuwa na joto na harufu tamu ya kulewesha. Niliondoa blanketi, nikafungua kibuyu, nikatumbukiza kile kikombe cha bati. Kwa haraka nilijimwagia kwenye gauni. Nikiwa hapo, mvua ya mawe ikaanza kugonga mabati, ile yetu ya mwezi wa saba, na badala ya kufunika kibuyu nikatoka mbio nisije nikakutwa. Mlango niliuacha wazi. Blanketi nililiacha chini.

Mami alikunywa taratibu, amefumba macho. Alipomaliza alinipa kikombe nikioshe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetembelewa na mgeni anayempenda. Mzee Gacheru alizuiwa na ile mvua kwenye veranda ya duka kwa muda mrefu. Aliporudi, alikuta upepo na mawe ya barafu yameingia mpaka kwenye majivu.

Muratina ilikataa. Asubuhi yake ilikuwa kimya kabisa, haina povu, haina sauti, na ikaanza kunuka uchachu mbaya. Mzee Gacheru alituita uani, akauliza ni nani aliyeingia jikoni. Aliuliza kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha zaidi. Mimi nilitazama miguu yangu. Nilikuwa na miaka tisa, na nilichokuwa nakiogopa hakikuwa fimbo peke yake. Nilikuwa nimempa mama yangu mgonjwa kikombe cha wafu. Nilidhani nikifungua mdomo, nikisema tu, basi lile jambo litakuwa limekamilika na watakuja kumchukua.

"Ni mimi," Mami akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amejifunga leso kifuani, juu ya titi lililougua. "Niliingia kutafuta moto, nikasahau kufunga."

Mzee alimtazama, akatazama leso, akavua kofia. Alisema hana hasira na mtu, ila tangu enzi za babu zake mwenye kidonda hasimami juu ya muratina, na mwenye kidonda cha ndani ni zaidi. Shosho akasema lile neno ambalo wazee wa kwetu walilijua, kwamba pombe ikikataa, nyumbani kuna mtu ataondoka. Aliposema alijishika mdomo, lakini lilikuwa limetoka.

Baba mdogo alienda Moi's Bridge na muratina ya kununua na mambo yakaenda vizuri tu. Kwetu ndiko hayakwenda. Hakuna aliyemfukuza Mami, hata siku moja. Lakini walimwambia apumzike, asipike. Kikombe chake kikawa chake peke yake, kwenye rafu yake. Jirani akija kusaidia anamwamkia kutoka mlangoni. Mtu anaweza kuondolewa jikoni kwake kwa neno la upole, nimejifunza hivyo. Siku moja akasema ataenda Kapseret kwa dada yake apumzike huko, na Shosho akamfungia nguo kwenye begi huku akilia. Mimi nilibaki kwa sababu ya shule.

Nilikuwa napelekwa Kapseret Jumapili. Jumapili moja tulibaki wawili, nikajikaza, nikamwuliza kama ni mimi nilisababisha. Sikusema nini. Alijua. Alikuwa amekonda, mkono wake mwepesi kichwani mwangu.

"Mama mkwe," akasema, "ilikuwa haijaiva. Lakini ilikuwa tamu."

Nilitaka aniambie hapana, si wewe. Nilimkasirikia, hebu fikiria, nilimkasirikia mgonjwa kwa kutonijibu vizuri. Leo naona alinijibu vizuri kabisa. Alifariki kabla ya mahindi kuvunwa, nyumbani kwa dada yake, mimi nikiwa darasani Yamumbi. Watu wakasema ile pombe ilikuwa imesema kweli. Nami nikaendelea kunyamaza, mwaka baada ya mwaka, hata nilipokua nikawa mwalimu wa sayansi, naeleza watoto wa watu jinsi hamira, ile inayochachusha pombe, inavyolala ikipigwa na baridi. Nilieleza vizuri. Nilipata sifa kwa somo hilo.

Sasa imefika zamu yangu. Daktari wangu ni msichana mdogo ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha. Nilimuuliza kuhusu divai, maana nilikuwa na mazoea ya glasi moja Ijumaa, nikimaliza kusahihisha vitabu. Hakunizungusha. Alisema pombe si rafiki wa huu ugonjwa, nikiweza kuacha niache. Kwa hivyo Shosho na daktari, kila mmoja kwa njia yake, wananiambia jambo moja. Nimeacha, karibu yote. Lakini kuna Ijumaa moja, baada ya dozi ya tatu ya dawa ya kansa, wakati hata maji yalikuwa na ladha ya misumari, nilifungua chupa iliyokuwa kabatini nikajimiminia kidogo, divai nyekundu, kiasi cha vidole viwili. Binti yangu mdogo, Nyokabi, aliyepewa jina la Mami, alinitazama kutoka kwenye daftari lake.

"Mami, si daktari alikataa?"

Nikamwambia ndiyo, alikataa. Nikanywa. Ilikuwa chungu, na baada ya uchungu kukawa na kitu kama zabibu, na nikajua ni kwa nini mama yangu alifumba macho.

Hapo ndipo wifi yangu Rose akaingia na chakula. Rose ni mtu mzuri na amebeba ugonjwa wangu kama mzigo wake, ila ana mdomo. Akanusa, akaona chupa, akauliza kwa ukali ni nani aliyefungua hiyo kitu katika nyumba ya mgonjwa. Kabla sijajibu, Nyokabi akasema, "Ni mimi, Auntie. Nilitaka kuonja."

Ana miaka kumi. Alisema uongo huo bila kupepesa macho, ananilinda, na hakuwa amesimuliwa chochote kuhusu Mami na ile muratina. Nikaweka glasi katikati ya meza.

"Anakudanganya," nikamwambia Rose. "Ni mimi nimefungua na ni mimi nimekunywa."

Rose alinigombeza kisawasawa, akalia kidogo, tukala. Hakuna kilichovunjika. Jambo lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko kupasha chakula moto. Usiku huo ndipo nilipoona ukubwa wa kile nilichoshindwa kusema nikiwa na miaka tisa, na udogo wake.

Jumamosi nilienda Yamumbi. Shosho bado yuko hai, mzee sana, anaota jua kwenye ukuta na masikio yake yamechoka, kwa hivyo ilinibidi nikiri kwa sauti ya juu, kuku wote wakisikia. Nilimwambia kila kitu. Kikombe, mvua ya mawe, blanketi chini, mlango. Nilimwambia kwamba Mami hakuingia jikoni hata hatua moja.

Nilidhani hakusikia. Halafu nikaona machozi yanashuka kwenye mikunjo ya uso.

"Mbona hukusema?"

Nikasema niliogopa.

"Nilimpenda mama yako," akasema. "Ningejua ni baridi tu, singemtoa jikoni. Wewe ningekuchapa viboko viwili, na yangeishia hapo."

Akanishika mkono, mkono wa Wanjiku ndani ya mkono wa Wanjiku, tukakaa hivyo mpaka jua likahama ukutani. Viboko viwili. Na shuleni nilikuwa nachapwa vinne kwa kuchelewa tu, narudi nyumbani nikiimba.