Sauti Iliyoimba Huku Mwimbaji Akinywa Maji

Nimeona vituko vingi kwenye kazi ya mitambo ya muziki, ila hiki kilinitoa jasho.

Mwimbaji wetu, tuliyezoea kumwita Malkia, alikuwa jukwaani anakunywa maji. Chupa iko mdomoni kabisa.

Na sauti yake ikaendelea kuimba!

Simu zikarekodi. Kufika asubuhi, nchi nzima inacheka.

Jamani, yule binti anajua kuimba. Ila meneja alilazimisha nipige sauti yake iliyorekodiwa pamoja na muziki, eti kwa usalama. Mimi fundi tu. Naambiwa bonyeza, nabonyeza.

Mji uliofuata wakamzomea. Uliofuata tena, wakamrushia chupa. Mwandaaji wa ziara akatupasulia: "Akizomewa tena, tunarudi nyumbani."

Malkia akanifuata, macho mekundu. "Kaka, toa sauti yangu kwenye kompyuta. Niachie maikrofoni tu."

Meneja akadakia: "Thubutu! Ukiigusa, leo leo unatafuta kazi."

Nina watoto. Sikuigusa. Nilijichukia, lakini sikuigusa.

Alasiri uwanja ukajaa pomoni. Malkia kutokea tu, wakaanza: "Kunywa maji! Kunywa maji!" Chupa wameshazishika mkononi. Meneja kanisimamia mgongoni, nasikia pumzi zake.

Nikabonyeza.

Ubeti wa kwanza haujaisha, pu! Mitambo yote kimya.

"Washa! Tumekwisha!" Meneja anapiga kelele.

Nikatimua mbio nyuma ya jukwaa. Kwenye jenereta nikamkuta mama mzazi wa Malkia, ambaye alikuwa anasafiri nasi ili ampikie mwanawe. Mkono wake uko kwenye swichi.

"Mama! Umezima wewe?"

"Nimezima."

"Watamuua mwanao!"

"Tulia, baba. Sikiliza."

Nikasikiliza. Malkia alikuwa anaimba! Bila maikrofoni, bila ala, kwa kifua chake mwenyewe. Waliokuwa mbele wakanyamaza ili wamsikie. Wa nyuma wakaanza kunyamazishana: "Shh! Anaimba kweli!"

Kufika kwenye kiitikio, uwanja mzima ukampokea.

Nilikaa chini nikalia, wala sioni aibu kusema.

Kesho yake meneja akawaambia waandishi kwamba lile lilikuwa wazo lake. Mama aliposikia akacheka, akaendelea kumenya viazi vyake.

Ndugu zangu, ukiwa na mtu wako mwenye kipaji, usimfunike ukasema unamlinda. Timu nzima tulikuwa tunamlinda yule binti. Aliyemwamini alikuwa mmoja tu.