Kalenda Nyuma ya Mashine ya Kufulia

Rangi ya choo ilipokauka, Jorrit aliitoa kalenda ya siku za kuzaliwa nyuma ya mashine ya kufulia alikoisukumia tangu Juni, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaitundika pale pale ilipokuwa tangu waoane: ukutani, mkabala na anayeketi. Kalenda hizi hazina mwaka wala Jumatatu. Zina tarehe na majina tu, na mji mzima wa Zwolle, Uholanzi, sijui choo kisichokuwa nayo. Mkewe, Wietske, aliingia baada ya chakula cha jioni akiwaza jozi za soksi za kufungasha. Akainua macho. Oktoba, tarehe 18: Hiltje.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo, siku kumi tu mbele, ndiyo waliyopanga kwenda Antwerpen, Ubelgiji, na watoto wao wawili kwa siku tatu, na Hiltje ni mama mkwe wake.

Tuseme ukweli, Wietske si mtu wa kusahau. Ni muuguzi anayewahudumia wagonjwa majumbani mwao, na siku yake imekatwa vipande vya dakika ishirini. Safari hii ameipanga tangu Agosti: chumba kimoja cha hoteli chenye vitanda vinne, karibu na bustani ya wanyama, ghorofa ya chini ili Sietse wa miaka sita asipande vyuma vya ngazi, treni ya kubadili mara moja tu, mkoba wa dawa ya kichefuchefu kwa ajili ya Fenna, ambaye ana miaka tisa na hutapika hata kwenye bembea. Aliwaza mvua, akawaza wezi wa mifukoni. Mama mkwe hakumwaza hata kidogo.

Na huyu si mama mkwe wa kufanyiwa hivyo. Mwaka jana mwezi wa nane mumewe, Geert, alifariki. Wiki tatu baada ya mazishi Wietske alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja, kwamba kazini anaona kila siku wazee wanaoanguka ngazini. Hiltje akaweka kikombe chini. "Geert hajapoa kaburini, wewe umeshaanza kunitafutia pa kunitupa!" Kuanzia hapo, kimya. Mwaka mzima watoto walipata kwa bibi yao kadi za posta tu. Kisha Septemba hii simu ya Jorrit ikalia, na sauti ya mama yake ikasema, "Mtakuja siku yangu ya kuzaliwa, nadhani. Wote wanne." Tarehe hakuitaja. Nani amtajie tarehe mtoto aliyemzaa mwenyewe? Jorrit akasema ndiyo mama, akafurahi siku nzima, na tarehe akauachia ukuta wa choo, kama wanaume wote wa ukoo wake. Ukuta, wakati huo, ulikuwa mtupu.

"Jorrit! Njoo hapa!"

"Chooni?"

"Njoo!"

Alikuja, akasoma, akashika kichwa. "Mungu wangu. Jumamosi."

"Mama ni wako. Tarehe ni yako. Uliikubali kwa mdomo wako."

"Lakini aliyepanga safari—"

"Malizia hiyo sentensi, uone utakapolala leo."

Walikaa jikoni wakinong'ona kama wezi. Kwenda kumpongeza Ijumaa haikuwezekana. Kumpongeza mtu kabla ya siku yake ni kumwitia mkosi, na Hiltje angewafungia mlango. Kwenda Jumanne wakisharudi? Angeona amepewa kiporo. Kuifuta safari? Mwaka jana waliifuta kwa ajili ya msiba, na Fenna alilia mpaka akapata homa. Mwaka huu Sietse ameshamtangazia mtaa mzima, hadi mwenye duka la jibini, kwamba anakwenda kulala karibu na tembo.

"Mpigie," Jorrit alisema.

"Nimpigie mimi? Ili akate?"

"Basi nenda. Wewe akikutukana unavumilia. Mimi nitalia."

Wietske alicheka bila kupenda, kisha akaogopa tena. Usiku ule hakupata usingizi wa maana.

Siku yake ya mapumziko alipanda baiskeli kwenda Hattem, mji mdogo ng'ambo ya mto, nyumbani kwa Hiltje. Juu ya daraja la mto upepo ulimpiga kifuani, naye akawa anakariri kwa sauti. Alianza na "Mama, kumetokea hitilafu ndogo." Akaona ni uongo. "Mama, Jorrit alisahau." Uongo nusu. Alipofika mlangoni maneno yote yalikuwa yamempotea, akafunga baiskeli kwenye uzio.

Hiltje alifungua akiwa na kitambaa cha kufutia mkononi. "Wewe? Kuna nini? Watoto wazima?"

"Wazima, Mama. Nilikuwa napita."

"Hattem hakuna anayepita." Lakini alimkaribisha, akamimina kahawa, akafungua kopo la biskuti, akampa moja na kulifunga.

Sebuleni viti vya mezani vilikuwa vimevutwa katikati ya chumba, miguu juu ya magazeti, vinanukia nta. Hiltje alirudi kwenye kazi yake, akasugua kimoja hadi kikang'aa. Viti vinne, vikizunguka kiti chake cha kuegemea. Wietske alivitazama. Katika ukoo huu mwenye siku ya kuzaliwa huzungukwa na watu kumi na wawili, kumi na watano, magoti yanagusana.

"Vingine viko juu, Mama? Nikuteremshie?"

"Vingine vya nani?"

"Vya wageni wengine."

"Wengine wepi?" Hiltje hakuinua kichwa. "Dada yangu amekufa. Majirani wamehamia kwa watoto wao. Nimewaalika nyinyi."

Wietske aliweka kikombe chini. Akasema yote kwa pumzi moja: Antwerpen, treni ya Jumamosi saa mbili na robo asubuhi, rangi ya choo, kalenda.

Kitambaa kilisimama.

"Kwa hiyo mlinisahau."

"Ndiyo, Mama. Mimi nilikusahau. Tutaifuta safari, namwambia Jorrit leo leo."

"Watoto wanajua kuhusu safari?"

"Tangu Agosti."

"Na mwaka jana ilifutwa kwa ajili ya Geert."

"Ndiyo."

"Basi usithubutu!" Alisema kwa hasira ya kweli, uso umemwiva. "Mara mbili safari ya watoto iliwe na nyumba hii? Wanichukie mimi?" Akasugua mguu wa kiti uliokwisha kung'aa. Macho yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta. "Saa mbili na robo, umesema. Kutoka hapa hadi stesheni kwa gari ni dakika ishirini. Mje saa kumi na mbili."

"Asubuhi? Mama, kutakuwa bado giza."

"Taa ninazo. Keki nitaoka Ijumaa, kuoka hakuna mkosi. Mtakaa, mtaniimbia, mtakula, mtakwenda. Fenna asile malai, atatapika."

"Tutakuja."

"Ulisema hivyo hivyo Septemba."

"Alisema Jorrit."

"Basi sasa umesema wewe."

Wietske alitaka kumkumbatia, akaogopa, akamshika kiwiko. Hiltje alikiacha kiwiko mkononi mwake kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Nje, kabla hajafungua baiskeli, alitega kengele ya simu ya Jumamosi ile, saa kumi na nusu alfajiri. Akatega nyingine dakika kumi baadaye. Kisha akamwandikia Jorrit atege ya kwake, na ya simu ya zamani ya jikoni, na amwombe jirani awagongee mlango, kwa sababu mara hii wakichelewa hakuna mwingine wa kukaa kwenye vile viti.