Bastola Ubavuni mwa Vestine

Vestine alikuwa mwanamke wa kilimani, juu ya Sake, mwenye mabega mapana na sauti inayosikika kabla ya nyingine zote kwenye kwaya. Yeye na mumewe Théogène walilima maharagwe kwenye mteremko uliofyekwa na babu yake Théogène. Walifuga pia ng'ombe wachache, na maziwa yao Vestine aliyagandisha kuwa fromaji, yale magurudumu ya manjano ya jibini ambayo watu wa Goma huyasubiri Sake. Kila siku ya soko aliyapanga kitungani, akapitisha mkanda kwenye paji la uso, akateremka. Njia hiyo aliipita akiwa msichana, akaipita akiwa na mimba, akaipita katika miaka ambayo wenye silaha walibadilishana vilima juu yake kama watu wanaobadilishana viti.

Mwaka jana, kwenye kona ya mikaratusi, wanaume watatu wenye mapanga walimsimamisha. Vestine alikataa kuachia kitunga. Mmoja wao, aliyevaa koti la mvua la kijani, akampiga kwa mgongo wa panga kwenye kifundo cha mkono mpaka mfupa ukalia. Kisha akachukua fromaji moja, akaing'ata mbele yake, akatafuna polepole.

"Aksanti, Mama," alisema. "Soko ingine utuletee ya chumvi mingi."

Mfupa uliunga vibaya, ukaacha kinundu na udhaifu. Lakini kilichomuuma Vestine usiku na mchana ni ile sentensi. Alitendewa kama mtumishi aliyeleta chakula kisichokolea.

Théogène, ambaye alikuwa katekista na mtu wa maneno ya taratibu, alimshauri wamuuzie mnunuzi anayepanda na pikipiki hadi mlangoni. "Atapunguza bei, ni kweli," alisema. "Lakini utabaki mu nyumba."

"Nikiwaachia njia, kesho watataka shamba," Vestine alijibu. "Kiisha shamba, watataka mulango. Miye sitabaki mu nyumba, Papa Élie. Ile njia iko ya kwangu."

Élie ni jina la mtoto wao wa kwanza, na Vestine alipomwita mumewe kwa jina hilo, Théogène alijua kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mkono ulipopata nguvu ya kushika jembe, Vestine alikwenda Rubaya kwa kaka yake Hubert. Zamani Hubert alikuwa askari. Sasa alitengeneza pikipiki za wanaobeba madini ya koltan. Alipomsikia dada yake anataka bastola, aliweka chini spana, akafuta mafuta mikononi.

"Dada, unajua unaomba nini? Hauna karatasi ya kubeba silaha. Wakikukuta nayo ku bariere, pale wanafunga njia, hawa watasema uko wa bale, na bale watasema uko wa hawa."

"Na wasiponikuta nayo, wenye mapanga wanasema niko wa kwao. Nisaidie ao nitafute muntu mwingine."

Hubert hakutaka amtafute mtu mwingine. Alimjua mnunuzi mmoja wa koltan, Hakorimana, aliyekuwa akifunga biashara ili ahame na ambaye alikuwa na bastola mbili. Walimkuta nyuma ya duka lake. Aliziweka zote mbili juu ya gunia, bila risasi ndani, akajivunia ile kubwa nyeusi.

"Hii njo silaha, Mama. Muntu akiiona tu, anakimbia."

Vestine aliinyanyua. Kifundo kilichovunjika kilipinda kwa uzito wake. Hubert alimwambia avute kile chuma cha juu kurudi nyuma, kama mtu anayetaka kupiga. Alivuta, akauma meno, chuma hakikusogea. Aliirudisha juu ya gunia bila aibu.

Ya pili ilikuwa fupi, mpini wake wa kahawia umesuguliwa na viganja vya watu. Kidole chake cha mwisho kilikosa nafasi, kikaning'inia hewani, lakini vingine vyote vilikaa. Alivuta chuma, kikaja. Alivuta tena. Aliinua, akaishusha, akaipachika ndani ya mkunjo wa kitenge, akainama kana kwamba anachuma maharagwe, akasimama. Haikuanguka.

"Hii," alisema.

Hakorimana alicheka. "Hiyo watu wanawapa wanawake zao waweke mu sakoshi ya mukononi."

"Miye sina sakoshi. Niko na kitunga na kilima. Na sitafuti kitu ya kutisha watu, natafuta kitu ya kunirudisha ku nyumba."

Alilipa kwa mtamba aliyemlea mwenyewe tangu azaliwe. Théogène alipomwona mtamba akiondoka na kamba shingoni, alimpa mkewe kisogo. Aliingia ndani akafunga dirisha.

Hubert alimfundisha siku kadhaa bila risasi, na mara chache kwa risasi, bondeni, mvua ikinyesha na radi zikifunika mlio. "Kidole inakaa inje mpaka moyo imeamua," alimwambia mara nyingi hadi Vestine akachoka. "Na siku utaitoa, usifikiri utaweza kusema baadaye ulikuwa unacheza."

Kuibeba kulikuwa kazi nyingine. Kitungani hapakufaa, kwa sababu kitunga ndicho wanachokwapua kwanza. Mgongoni, kwenye kitenge kama mtoto, mkono haukufika. Mwishowe alishona kifuko cha turubai nene kilichofunika kifyatulio chote, akakifunga kwa mkanda ubavuni, chini ya kitenge cha pili. Kilimchubua ngozi. Kilimfundisha pia tabia mpya: sokoni aliacha kugombana na wanawake wa mihogo, kwa kuwa alijua kile alichonacho na wao hawakujua. Watoto wa jirani walipomkimbilia kumkumbatia, aliwapokea kwa upande wa kushoto.

Jumapili ya kwanza Théogène alimzuia mlangoni mwa kanisa. "Na hiyo kitu, hapana. Hapa, hapana."

"Nikiiacha ku nyumba, watoto wataiona. Nikiichimbia mu shamba, muntu ataiona."

"Basi utasali inje."

Vestine alisali nje. Alisimama chini ya dirisha la upande wa kwaya, na wimbo ulipoanza aliimba kwa nguvu zote, hata waliokuwa ndani wakageuza vichwa. Alifanya hivyo Jumapili baada ya Jumapili, jua lilipowaka na mvua iliponyesha, na hakuna aliyemwona akiinamisha uso.

Mwanzoni mwa kiangazi walikuwa wakiteremka asubuhi, yeye na jirani yake kijana Béata, aliyebeba maharagwe. Penye kona ya mikaratusi wanaume watatu walitoka vichakani. Koti la kijani lilikuwa mbele.

"Mama Fromaji!" alisema kwa furaha. "Uliongeza chumvi?"

Vestine alipiga magoti taratibu, akateremsha kitunga, kama mtu aliyekubali. Aliposimama, bastola ilikuwa mikononi.

Yule mtu aliitazama, akacheka. "Hiyo ya kuchezea," alisema, akapiga hatua na panga likapanda.

Vestine alimlenga kifuani. Kwa mara ya kwanza aliuona uso wake vizuri: alikuwa na kovu la tetekuwanga na ndevu chache, na mtu fulani mahali fulani alimwita kaka. Kisha akapiga. Risasi iliingia kwenye ukingo wa udongo karibu na mguu wa yule mtu, vumbi likaruka hadi usoni pake. Baadaye Vestine alimwambia Hubert kwamba hajui kama alikosa ama aliamua. Wale wengine wawili walikuwa wameshatoweka. Mwenye koti aliangusha panga, akateleza, akabingirika mtaroni, akatambaa kwanza, kisha akakimbia.

Béata alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini mlio ulikuwa umesikika juu, kwenye bariere ya wenye silaha walioshika kilima kile tangu msimu uliopita. Waliteremka mbio, kamanda wao mbele, wakawazingira wanawake wawili na vitunga vyao.

"Nani amepiga?" kamanda aliuliza. Alimshika Béata kwa nguo, akaonyesha nyumba zilizokuwa chini ya njia. "Hamusemi? Tutachoma bile vijumba, atasema mwenyewe."

"Muache huyo mutoto," Vestine alisema. "Njo miye nilipiga."

Wakamnyang'anya bastola. Kamanda aliigeuzageuza. "Nani alikupa? Uko wa upande gani?"

"Niko wa upande wa kitunga yangu." Alivuta mkono wa nguo, akamwonyesha kinundu. "Hii walivunja hapa, chini ya macho yenu. Kila soko tunaacha maharagwe ku bariere yenu, munasema ni juu ya usalama. Huo usalama iko wapi, Komanda? Nionyeshe na kidole."

Askari mmoja aliangalia buti zake. Kamanda aliitia bastola mfukoni. Aliamuru apelekwe juu, akamfungia kwenye kibanda cha turubai, na Béata akakimbia kijijini.

Théogène alikuja kabla jua halijafika kichwani, na kwaya yote nyuma yake. Hawakupiga kelele. Walikaa chini katikati ya barabara, mbele ya gogo la bariere, wanawake kwa wanaume, wakaanza kuimba. Pikipiki zenye mizigo zikajazana pande zote, wenye pikipiki wakapiga honi, wakalaani, wengine wakazima injini wakakaa nao. Hakuna mzigo uliopita, na mzigo usiopita haulipi kitu penye bariere.

Kamanda alitoka, akafyatua risasi hewani. Wimbo ulikatika kidogo, ukaendelea. Théogène aliinuka, akavua kofia.

"Papa Komanda," alisema kwa ile sauti yake ya taratibu, "tutaimba mpaka atoke. Na tunajua nyimbo mingi."

Kutoka kibandani Vestine alisikia jinsi sauti ya kwanza, ile yake, ilivyokosekana katika ubeti, akauchukua ubeti huo akiwa ndani. Nje watu walimsikia, wakaimba zaidi.

Alasiri walimwachia. Bastola walibaki nayo. Kamanda alimwambia akionekana tena na silaha hatatoka. Vestine alimwambia kwamba wezi wakionekana tena penye kona, atakuja kumwamsha yeye mwenyewe kitandani.

Wakapanda nyumbani pamoja, Théogène akiubeba mzigo wa mkewe kwa mara ya kwanza tangu waoane, mkanda ukimchubua paji.

"Sikuipenda ile kitu," alisema. "Hata leo siipendi."

"Najua."

"Lakini njia iko yako. Hiyo nilikuwa sijaelewa."

Siku ya soko iliyofuata wanawake wa vilima vitatu walimsubiri Vestine njiani ili wateremke pamoja naye. Koti la kijani halikuonekana. Penye mikaratusi, Béata alisogea karibu, akamnong'oneza swali ambalo kila mmoja katika msafara ule alitaka kuuliza: je, Hubert amempatia bastola nyingine?

Vestine alirekebisha mkanda kwenye paji, akatazama mbele, akasema kwa sauti ya kusikika hadi vichakani:

"Mwenye kutaka kujua, asimame mu njia."