Grisi kwenye Jeki ya Baba Kulwa

Siapi, maana walioapa huku wakidanganya ni wengi. Nitasema tu nilichokiona, na anayetaka kucheka acheke. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, mbele ya kibanda changu hapa Bariadi. Sikuwa usingizini, na nilichokuwa nimekunywa ni chai.

Mimi ni fundi wa jeki na vifaa vya magari yanayokwenda porini. Sikusomea chuoni. Nilijifunza kwa kufungua vitu, kuviharibu na kuvirudisha. Labda ndiyo maana nina ugonjwa huu: kazi isipong'aa, silali. Huwa narudi kukaza nati ninayojua kabisa kwamba nimeikaza.

Baba Kulwa alikuwa dereva wa pikapu ya dawa za mifugo. Aliniletea jeki yake, ile ndefu tunayoiita Tanganyika, inayokaa imefungwa nje kwenye bampa mwaka mzima, ikipigwa jua na kunyeshewa. Ilikuwa na kutu, na zile pini mbili zinazoipandisha kutoka shimo hadi shimo zilikuwa zimegoma. Nilizisugua kwa brashi ya waya na dizeli. Nikazibua kila shimo kwa msumari. Hapo yalibaki matone machache ya oili nyepesi, basi. Grisi haipakwi pale, kwa sababu inashika vumbi, na vumbi likiganda, pini haiingii shimoni. Nilijua. Nilijua, na bado nikapaka grisi, tena nyingi. Unajua kwa nini? Kwa sababu yenye oili ilionekana kama sijaigusa. Yenye grisi iling'aa.

Baba Kulwa aliicheka. "Fundi, hii jeki au bibi harusi?" Akaifunga kwenye bampa, akaondoka.

Vumbi la wiki tatu likapita, kisha mvua zikaanza huko Itilima. Kwetu zilikuwa bado. Ndiyo maana asubuhi ile nilishangaa kumwona Baba Kulwa anakuja kwa miguu, ana tope jeusi hadi kifuani, jeki begani.

"Mwangaluka," alinisalimu, kama kawaida yake.

Nikaitikia, nikamuuliza gari liko wapi. Akasema liko Mwamapalala, huko huko Itilima, limelala. Hakutaka kukaa. Alilaza jeki chini, akaniambia pini ya juu haiingii, niifute.

Nilipoifungua niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Grisi yangu ilikuwa imekuwa udongo, ngumu kama ukoko wa ugali. Niliikwangua, nikaisafisha kwa dizeli. Yeye alinishikia jeki. Kidole chake kiligusa changu, kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, nami nikajiambia ni tope tu. Nikatia oili. Nilipotaka kushika pini ya chini, akanizuia.

"Hiyo iache waione. Hii kazi ni yako, mwanangu. Usikubali waseme ni ya mtu mwingine."

Nilidhani ananikaripia. Nikaingia ndani kuchukua kitambaa. Nilipotoka, hakukuwa na mtu wala jeki, na barabara ilikuwa nyeupe mpaka mwisho.

Saa nane habari ikafika. Pikapu ilikuwa imekwama Mwamapalala tangu jana yake jioni. Aliokuwa nao walikwenda kutafuta ng'ombe wa kuivuta, yeye akabaki anainua gari ili aweke mawe chini ya tairi. Jeki ikaachia. Walimkuta alfajiri, ameshakufa.

Alfajiri, unanielewa? Mimi nilizungumza naye saa nne.

Msibani niliikuta jeki imeegemezwa ukutani. Niliinama kuitazama. Pini ya juu ilikuwa safi, ina oili mbichi. Ya chini ilikuwa imeganda grisi na udongo.

Chini ya turubai wanaume walikuwa wakisema Tanganyika haianguki yenyewe, kuna uchawi. Wakamtaja Bibi Minza, jirani, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Ng'ombe wa Baba Kulwa waliwahi kuingia kwenye pamba yake, naye akamwambia atakiona. Nani hajawahi kusema hivyo akiwa na hasira? Sasa neno hilo likawa ushahidi.

Nilitakiwa kusimama pale pale. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikawaza nani ataniletea kazi tena, nikawaza nitaitwa muuaji. Nikala ugali wa msiba nikanyamaza.

Siku ya tatu waliichoma nyumba ya Bibi Minza. Alikuwa amekwenda kisimani, ndiyo pona yake. Binti yake alikuja kumchukua, akampeleka Nyalikungu.

Ndipo nikaenda kwa Mama Kulwa, mke wa marehemu, nikamweleza yote, tangu grisi mpaka ile asubuhi. Alinisikiliza akiwa amekaa chini, amenyoosha miguu.

"Ungesema siku ile," aliniambia. "Mapacha wangu, Kulwa na Doto, walipokelewa na mikono ya yule bibi."

Aliwaita ndugu wa mumewe, nikarudia mbele yao. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walisema bibi amenichanganya akili na mimi. Hivyo ndivyo ukweli unavyokuwa ukichelewa.

Nilikwenda Nyalikungu kumwomba radhi. Alinipa kiti na maji. Nilimwambia wapo wanaotaka arudi nyumbani. Akaniuliza, "Nikirudi, nitaomba moto wa jikoni kwa jirani yupi?" Mpaka leo hajarudi, na pale kwake pameota nyasi.

Kwa hiyo wewe ambaye jeki yako inakaa nje, isafishe, tia oili nyepesi, iache isipendeze. Na ukikosea, sema kabla maiti haijazikwa. Usisubiri kama mimi, maana watu wenye uchungu hawasubiri.