Chumba cha Mbalamwezi

Nilipopata kazi ya mkataba Kigoma, mama alisema jambo moja tu kwenye simu: anakuja kukaa na mimi. Sikubishana. Dada yangu aliyekuwa akiishi naye Morogoro alikuwa ameolewa mbali, na mtu mwenye pumu haachwi peke yake ndani ya nyumba. Nilikuwa na wiki mbili za kutafuta chumba ambacho mama angeweza kupumua ndani yake. Maji, umeme, choo na majirani vyote vilikuwa nyongeza.

Mimi si mtu wa kuamini upesi. Chuoni nilikuwa yule anayenyoosha mkono wakati wenzake wameshafunga madaftari, na sikuona sababu ya kuacha tabia hiyo kwa dalali. Niliyempata alikuwa kijana wa rika langu mwenye simu mbili na viatu vyeupe kupita kiasi kwa mji wenye vumbi jekundu. Tulikutana mtaa wa Mwanga, nje ya soko.

"Mkuu, tuelewane kwanza," alisema. "Una familia?"

"Nina mama. Anakuja. Ana pumu."

Akasimama. "Hiyo pumu usiitaje popote. Mwenye nyumba akisikia mgonjwa anawaza msiba na matanga. Sema uko peke yako. Mama akija, amekuja kusalimia."

Katika yote aliyoniambia siku zile, hilo ndilo pekee nililolipokea bila swali.

Chumba cha kwanza kilikuwa hapo hapo Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani. Nilipitisha kidole kwenye fremu ya dirisha kikatoka cheupe.

"Unga," nikasema.

"Huo wa zamani, mkuu. Mashine ya kusaga ilishahama."

Hakuwa amemaliza sentensi, mashine ikawashwa upande wa pili wa ukuta. Ilibidi tutoke nje ndipo nimsikie akisema kwamba huwa wanasaga mara moja moja.

Cha pili kilikuwa Ujiji, kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nene na ukumbi wenye ubaridi mzuri. Mwenye nyumba, mzee mwenye kofia ya kufuma, aliniuliza kabila, dini, kazi, na kama ninajua kufunga mlango wa uani bila kuubamiza. Nilimjibu yote. Nilipofungua dirisha la nyuma nikakutana na magunia ya mkaa yaliyopangwa hadi juu. Mzee anauza mkaa.

"Mkaa usiowashwa hauna moshi," dalali alininong'oneza, kama mtu aliyegundua kanuni ya sayansi.

Siku ya nne akanipeleka Kibirizi, nami nikaanza kuogopa, kwa kuwa sikuona kasoro. Nyumba ilikuwa hatua chache kutoka ziwani, na upepo uliingia mlangoni ukatokea dirishani. Fremu zilikuwa safi. Nilikuwa nimeambiwa Kibirizi ni mwalo wa wavuvi, samaki na makelele, lakini niliyoyaona yalikuwa mitumbwi iliyovutwa mchangani, wanaume waliolala juu ya nyavu saa nne asubuhi, na safu za vichanja vya waya visivyo na kitu. Kodi ilikuwa nafuu. Mahali pazuri, bei ndogo, watu wazima wamelala mchana. Nikatoa daftari.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti kavu. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo kabla hajazaliwa, jambo nililolijua kwa sababu nilimuuliza. Nilimuuliza pia wapangaji wengine ni nani, wametoka wapi, wana muda gani hapo. Kila nilivyoandika, majibu yake yalipungua. Mwishowe yakawa neno moja moja.

"Chumba kile anakaa nani?"

"Mtu."

"Anafanya kazi gani?"

"Kazi."

"Na hawa wanaume, mbona wamelala saa hizi?"

Akaitazama kalamu yangu, kisha akanitazama mimi. "Wanapumzika. Giza bado. Wewe ukitaka kupajua hapa, njoo giza likiingia. Sasa hivi hapa si hapa, bwana afisa."

Neno giza nililipigia mstari. Tulipotoka nikamuuliza dalali maana yake.

"Mambo ya watu wa ziwani hayo, usiyachimbe," alisema, akijibu ujumbe kwenye simu ya pili. Nadhani hakuwa amesikia swali.

Kabla sijaondoka Morogoro, rafiki zangu walikuwa wamenitania kwamba Kigoma nitafugiwa jini chunusi chooni na kupaa na ungo. Niliwacheka. Msomi haanzi na uchawi, anaanza na maelezo ya kawaida, na maelezo ya kawaida ya giza ni umeme. Lakini nguzo zilikuwepo na taa ya barazani iliwaka nilipoijaribu. Kwa hiyo ni wezi, niliwaza. Nikarudi peke yangu kesho yake nikamuuliza muuza duka wa jirani, huku nikinunua soda nisiyoitaka.

"Hapa giza likiingia kuna nini?"

"Hela," alisema.

"Hela?"

"Giza likiingia hela ipo, kaka. Sasa hivi watu wamekauka. Hata sukari wanakopa. Subiri giza uone Kibirizi inavyochangamka."

Nikanywa soda yangu taratibu. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe: watu wanaolala mchana, mpaka wa nchi ulioko ng'ambo ya maji, mwanamke asiyetaka kusema wapangaji wake wanafanya kazi gani, na hela inayoingia gizani. Magendo. Nilijisikia vizuri kabisa, kama mtu aliyepata jibu ambalo mtahini alilificha. Kisha nikapima. Magendo ni kosa, lakini hayamletei mtu pumu. Upepo wa pale ulikuwa safi. Nikalipa, nikanunua kufuli kubwa la shaba, nikampigia mama simu kwamba nimepata.

Mama alishuka kwenye treni na mabegi mawili na ndoo ya mchele. Mwenye nyumba alipomwona akakunja uso.

"Huyu?"

"Mama yangu. Amekuja kusalimia."

"Na ndoo?"

Nikaibeba ndoo haraka. Ndani nikamweleza mama kuhusu ushauri wa dalali, kwamba kile kidude chake cha kuvutia dawa akitumie mlango ukiwa umefungwa.

"Kwa hiyo napumua kwa siri," alisema. "Nimekusomesha ili nije kupumua kwa siri."

Lakini siku zile za kwanza hakukihitaji hata mara moja. Asubuhi alikaa barazani, akakoroga uji, akasalimiana na wake za wavuvi. Waliokuwa wakimwamkia kwa Kiha aliwajibu kwa Kiluguru na wote walicheka. Nami kila nilipotoka kazini nilichungulia magunia ya watu, nikitafuta magendo.

Ikafika asubuhi moja nikaamshwa na injini. Nilipofungua mlango, sikupatambua. Mitumbwi ilikuwa imejaa ufukweni, wapagazi wanakimbia na ndoo vichwani, wanawake wanagombea bei, na vile vichanja vya waya, mpaka kile kilichogusa dirisha letu, vilikuwa vimefunikwa na dagaa wabichi wanaong'aa kama vigae vya kioo. Wale wanaume hawakuwa wamelala mchana kwa uvivu wala kwa magendo. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka hawaifuati. Wiki ya mbalamwezi wavuvi hukaa nchi kavu. Siku zisizo na mwezi, siku za kazi, huziita giza. Mtoto yeyote wa Kibirizi angenieleza hilo kama ningeuliza giza ni nini badala ya kuuliza giza lina nini.

Siku ya kwanza ilikuwa harufu tu. Siku ya pili dagaa walikauka na wanawake wakaanza kuwakusanya kwa mafagio na kuwapakia kwenye magunia. Vumbi lao ni jepesi, la chumvi na magamba, na ule upepo niliousifu ulilileta lote ndani. Jikoni kwa jirani walikuwa wakikausha samaki aina ya migebuka kwa moshi. Niliporudi mchana kuchukua karatasi nilizosahau, nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Mlango na dirisha alikuwa amevifunga. Alikuwa anatii maagizo yangu. Kidude cha dawa kilikuwa sakafuni, tupu.

Nilipiga kelele. Aliyekuja ni mwenye nyumba, magamba mpaka kwenye viwiko. Alimwangalia mama mara moja tu.

"Ana pumu?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Mungu wangu." Alikuwa tayari ameshamfunga mama kitenge kilicholoweshwa puani, anamnyanyua. "Mkwe wangu ana pumu! Nilimtoa hapa, nikampeleka mlimani kwa sababu ya vumbi la dagaa! Wewe uliniuliza hadi kabila la baba yangu, ukashindwa kusema una mama mgonjwa?"

"Dalali alisema..."

"Dalali anakaa hapa?" Akapaza sauti nje, "Bodaboda! Weye, leta pikipiki, acha kutazama!"

Alimweka mama katikati, yeye akakaa nyuma kumshikilia, wakaondoka. Mimi nilikimbia nyuma yao mpaka nikapata pikipiki nyingine. Kwenye zahanati mama aliwekewa mashine ya mvuke, na mwenye nyumba akakaa kwenye benchi akijipangusa magamba, bila kunitazama.

"Nilikwambia uje giza likiingia," alisema baadaye. "Sikutaka upange bila kuona."

"Mbona hukueleza?"

"Nikueleze? Mtu anakuja na kalamu, anauliza nani katoka wapi, ana muda gani. Nilijua wewe ni uhamiaji. Sisi tumezaliwa hapa, na bado kila mwenye kalamu anatuuliza tumevuka lini. Nikawa naomba tu uchoke kuuliza, uondoke."

Nilitaka kumwambia kwamba nami nilimdhani mfanya magendo. Nikaona niache.

Mama alilala siku tatu kwa yule mkwe wa mwenye nyumba, upande wa juu wa Mwanga. Siku ya nne alivaa kanga yake ya safari na kusema chumba anatafuta mwenyewe, dalali asimwone. Tulitembea polepole. Nyumba ya kwanza alikaa kwenye kizingiti muda mrefu, akavuta pumzi, akatikisa kichwa, akainuka. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu alikaa karibu asubuhi nzima, wakati mimi nikizunguka uani nikichungulia bomba na kujiuliza kwa nini geti lina kutu upande mmoja tu. Mwenye nyumba, mama wa Kiha mwenye mjukuu mgongoni, alitoka akamwamkia.

"Marahaba," mama alisema. "Mimi nina pumu, na huyu mwanangu anauliza maswali mengi. Mnapika na nini hapa?"

"Kuni, mama. Jiko liko nyuma." Akafikiri kidogo, akimfunga mjukuu upya mgongoni. "Chumba kilicho wazi ni cha nyuma, moshi utakupa taabu. Chukua hiki cha mbele, cha binti yangu. Yeye atahamia nyuma."

Binti alitoka akilalamika na godoro lake kichwani. Mama alimpisha, kisha akaingia ndani na kufungua dirisha.