Kikombe Nyuma ya Mgongo

Mimi sijui kungoja. Hata maharagwe yakiwa motoni nafunua sufuria kila mara. Basi binti yangu alipofikisha miaka minne akiwa na maneno matatu tu, sikukalika. Shule ya maternelle, ile ya watoto wadogo, ilikuwa karibu kufungua, na mkurugenzi alishaniambia kwamba mtoto asiyeweza kuomba maji hatampokea.

Kulikuwa na mama mmoja aliyesomea kufundisha watoto kusema. Alitupokea mara mbili kwa wiki, dakika ishirini, akicheza na mtoto kwa vifuniko vya chupa. Nilitoka pale nikinung'unika. Safari ya pikipiki kuvuka Bunia ilikuwa ndefu kuliko somo lenyewe. Nikajiambia, kama kidogo kinasaidia, kingi kitasaidia zaidi.

Nikaanza nyumbani tangu asubuhi. Hakuna chai mpaka aseme chai. Hakuna kikombe mpaka aseme maji. Nikawaingiza na majirani wa uani, mtu asimpe kitu bila neno. Wakakubali kwa moyo mmoja, wamama watano wakimwinamia mtoto mmoja kwa sababu ya ndizi moja.

Baada ya wiki tatu, hata yale maneno matatu yakapotea. Akaacha kuomba kabisa. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba ameilaza bidoni, lile dumu letu la manjano, anakinga kwa kiganja maji ya kuoshea vyombo na kuyanywa. Niliogopa, halafu nikaona haya.

Nilimweleza yule mwalimu yote. Hakunigombeza.

"Mama, hii haiko dawa ya malaria, eti ukiongeza atapona mbio," alisema. "Mutoto iko naogopa weye. Cheza naye kidogo, kisha umuachilie."

Kesho yake nikakaa naye mkekani tukichambua mchele, mimi nikijizuia nisimwambie sema. Miguu haikutulia. Nilipanga vifuniko vya chupa kama vya yule mwalimu, nikavipangua, nikavipanga tena, yeye akiniangalia tu. Mwishowe koo likanikauka. Nikamwonyesha kikombe kwa kidole, anipatie.

Alikichukua, akaja nacho hadi mbele yangu, akakificha nyuma ya mgongo. Akasimama pale akiukazia macho mdomo wangu, akingoja, na uso wake ulikuwa mkali kama wangu. Nikafungua mdomo niseme maji, neno likakwama.