Kisu Changu cha Mpini wa Pembe

Tangu Jumamosi sijapita tena njia ya Ziwa, na sababu ni kisu.

Nilikinunua dukani Eldoret, kisu cha kukunja cha bei rahisi, lakini mpini wake wa plastiki ulikuwa na mistari ya kahawia kama pembe ya swara. Kilinyoa nywele za mkono wangu safi kabisa. Njia nzima nilikifungua na kukikunja, nikicheka peke yangu.

Jumamosi hiyo nilikuwa nakwenda mara ya kwanza kwa wazazi wa Rael, msichana ninayetaka kumwoa, wanaokaa njia ya Ziwa. Walichinja mbuzi. Baba yake akaniachia mbavu, nami nikazikata vizuri mpaka akauliza kisu kimetoka wapi.

“Hii ni chuma ya Ulaya, Mzee,” nikasema. “Mpini ni pembe ya swara. Nilimwinda mwenyewe.”

Wote wakanigeukia, na raha ya kutazamwa ikanipanda kichwani.

“Pembe ya kweli haiogopi hata maji moto,” nikaongeza, nikakitumbukiza kisu kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka jikoni hapo tulipokaa. Nikaendelea kusimulia uwindaji wangu, na swara akazidi kunenepa.

Nilipokiopoa kwa mwiko, mpini ulikuwa umejipinda kama ganda la ndizi, na harufu kali ikajaa jikoni.

Mama yake Rael hufua nguo za wazungu na kuzihifadhi sandukuni kwa kafuri, dawa ya nondo yenye harufu kali kama ile ile ya mpini wangu. Akakichukua kisu, akakinusa polepole.

“Kijana,” akasema kwa upole, “huyo swara wako alikuwa anakula kafuri?”